Gitaa la umeme kutoka kitanda kibovu cha bibi: nilipookoa hela, nilipoharibu, na ile 18 iliyonitoa jasho

Mfumbati (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Gitaa limekamilika juzi, nyuzi sita zote zimekazwa, limelala siku mbili na halijavunjika. Naona sasa nina haki ya kuandika.

Mimi siyo seremala. Ni mtu wa ofisini, nakaa Tabata, na vifaa vyangu vyote ni msumeno mmoja, patasi mbili, tupa tatu na randa ya kuazima. Drili ni ya jirani, kwa sharti irudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo anayedhani lazima uwe na karakana aondoe hofu.

Nianze na mbao, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukienda Keko ukasema unataka mbao ya gitaa utauziwa mninga ambao juzi tu ulikuwa na majani. Mbao mbichi inakauka ikiwa tayari ni shingo, inajikunja, na siku hiyo huna gitaa, una upinde. Mimi za kwangu nilizikuta stoo kwa bibi, Tabora: kitanda cha mninga kilichovunjika tendegu, kimeegemezwa ukutani tangu sijaanza shule. Mifumbati yake miwili ina unene wa inchi moja na imekauka miaka na miaka bila mtu kuishughulikia. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama marimba. Paini mpya ukiigonga inalia kama mlango.

Wazo hili siyo langu. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, mwaka 1963 alianza kuunda gitaa lake na baba yake nyumbani kwao London kwa sababu hawakuwa na hela ya kununua la dukani. Shingo walichonga kutoka mbao ya mahogani ya sehemu ya kuotea moto iliyong'olewa kwenye nyumba ya zamani. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki, alama za kwenye shingo ni vifungo vya lulu vya mama yake. Iliwachukua kama miaka miwili na paundi 8 hivi, na ndilo gitaa alilopiga maisha yake yote pembeni ya yule kijana aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Nikasema kama sehemu ya moto ya Waingereza imeweza, mfumbati wa Tabora hautashindwa.

Nikachagua gitaa la umeme la ubao mzima, siyo la sanduku. La sanduku uso wake unatakiwa kuwa mwembamba, milimita tatu au chini ya hapo, mbavu zikunjwe kwa maji na moto, na ndani kuwe na miimo ya kuubeba huo uso. Hiyo ni kazi ya gitaa la tatu au la nne. La umeme mwili wake hata ukikosea umbo linapiga tu. Mwili wangu ni paini, vipande viwili vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, unene mm 42, makombo ya kwa fundi milango.

Shingo ndiyo iliyokula muda. Mfumbati niliuchana vipande vitatu vyembamba, cha kati nikakipindua ili nyuzi za mbao zielekee upande mwingine, nikavigundisha kwa gundi nyeupe na kuvibana. Klampu sina, nilitumia mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe mrefu. Unazungusha huku unavuta, unabana kuliko unavyodhania. Katikati nikachimba mfereji nikalaza bomba la mraba la chuma la mm 10, nikalizika kwa epoksi, juu yake nikaweka ubao wa vidole wa unene wa mm 6. Bomba ni lazima. Seti nyembamba ya nyuzi, ile ya 10, ikikazwa inavuta jumla zaidi ya kilo 45. Ni sawa na kumning'iniza mtoto wa darasa la saba kwenye hiyo shingo usiku na mchana.

Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ili ukibonyeza uzi sauti ibadilike: spoku za baiskeli. Zina mm 2, ni za mviringo, ngumu, na fundi baiskeli alinipa zilizopinda bure. Nilikata mifereji kwa msumeno wa chuma, nikaipanua kwa tupa ya pembe tatu hadi nusu ya spoku inazama, nikazilaza kwenye epoksi.

Kipande cha juu kinachobeba nyuzi kabla hazijaingia kichwani ni mfupa wa mguu wa ng'ombe. Buchani wanakupa. Lakini uchemshe na sabuni, tena nje ya nyumba. Mimi nilichemshia jikoni, na mama watoto alihamia kwa dada yake kutwa nzima. Ukikauka juani unakuwa mweupe na mgumu, unapigwa tupa kama pembe.

Daraja, yaani kinachoshikilia nyuzi kule mwilini, ni kipande cha chuma cha engo kilichotobolewa matundu sita, na mbele yake bolti ya mm 8 imelala kwenye kimfereji. Nyuzi zinakaa kwenye meno ya bolti yenyewe, huhitaji kuchonga kitu. Bolti usiilaze sawasawa. Upande wa nyuzi nene isogee nyuma kama mm 2 au 3, la sivyo nyuzi nene zitapanda sauti ukibonyeza kule chini.

Dukani nilinunua funguo sita za kukazia nyuzi, nyuzi zenyewe, pikapu moja (sumaku iliyozungushiwa waya, inayonasa sauti ya nyuzi), kitasa cha sauti, tundu la waya na gundi. Pamoja na nauli imeenda laki na elfu kumi na nane. Nusu ya hiyo hela ni funguo na pikapu.

Sasa kosa. Kupanga freti niliambiwa na mzee mmoja kwamba unachukua urefu wa uzi unagawanya kwa 18, hapo ndipo freti ya kwanza. Unachukua urefu uliobaki unagawanya tena kwa 18, ndipo ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Urefu wangu ulikuwa mm 648. Nikapanga zote 20, nikagundisha, nikafunga nyuzi, nikatyuni. Uzi wazi safi. Nikabonyeza freti ya 12, ambayo inatakiwa iwe sauti ile ile juu zaidi, sindano ya programu kwenye simu ikalala kushoto ikagoma kunyanyuka. Nikapima: freti ya 12 inatakiwa iwe katikati kabisa, mm 324. Yangu ilikuwa mm 321.6. Nilikaa chini sakafuni.

Nilivyoiokoa nitaeleza, nimeitwa kula.

Kikombe cha Kahawa

Uzi bila picha ni kama pilau bila nyama. Tupia picha mkuu.

Chaki na Ubao

Mleta uzi, mimi ni mwalimu wa hisabati, niruhusu nikunyoe kidogo. Namba siyo 18, ni 17.817. Sauti ikipanda oktava moja, yaani sauti ile ile juu zaidi, mtetemo unazidishwa mara mbili, na oktava ina hatua 12 zilizo sawa. Kwa hiyo kila hatua unazidisha kwa namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara 12 inatoa 2 kamili. Hiyo ni 1.05946. Ukiigeuza kuwa mgawanyo wa urefu unapata 17.817. Kwa mm 648 freti ya 1 iko mm 36.4, ya 2 iko 70.7, ya 3 iko 103.1, ya 5 iko 162.5, ya 7 iko 215.5, ya 12 iko 324. Na kingine: usipime kutoka freti hadi freti. Kosa la nusu milimita linabebwa hadi mwisho. Pima zote kutoka kwenye mfupa, rula ikiwa palepale.

Lakini huyo mzee usimcheke. Ya 18 ni kanuni ya mafundi wa zamani kweli. Vincenzo Galilei, mpiga ala wa Italia, baba yake Galileo wa nyota na darubini, aliiandika mwaka 1581. Na siyo kwamba hawakuwa na masikio. Uzi ukiubonyeza unaunyoosha kidogo, sauti inapanda. Ile 18 inaishusha kidogo. Makosa mawili yanapigana yanakaribia kumalizana.

Mfumbati (mleta uzi)

Mwalimu shikamoo. Nimenyolewa na nimekubali.

Nimerudi. Nilivyoiokoa: usiku ule nilitaka kung'oa spoku zote. Asubuhi nikafikiria tofauti. Freti zimegoma kuhama, basi ahame daraja. Kama ya 12 iko mm 321.6 na inatakiwa kuwa katikati, basi urefu wa uzi uwe mara mbili yake, mm 643.3. Nikatoa bolti, nikaisogeza mbele milimita 4.7, nikachimba kimfereji kipya. Nikapiga hesabu ya kila freti kwa urefu huo mpya na kulinganisha na zilipo spoku. Hadi ya 12 hakuna iliyokosea kwa zaidi ya mm 0.3. Juu kabisa, freti ya 20, imepita kwa robo tatu ya milimita, lakini kule juu mimi sifiki, na wenye kufika hawapigi magitaa ya spoku.

Nikatyuni upya, nikabonyeza ya 12, sindano ikasimama wima. Wakuu, nilimwamsha mtoto.

Kwa hiyo ushauri: bolti ya daraja isikazwe mahali pamoja kabisa kabla freti hazijagundishwa na kujaribiwa. Ilaze tu, nyuzi zenyewe zitaibana chini. Ningekuwa nimeshaipigilia misumari leo ningekuwa naandika uzi wa kuuza kuni.

Nyuzi Sita

Mkuu swali la moja kwa moja. Kwa laki na elfu kumi na nane, kwa nini usinunue gitaa la mtumba ukaanza kupiga siku hiyo hiyo?

Mfumbati (mleta uzi)

Nyuzi Sita, kama unataka kupiga, nunua. Sikudanganyi. Kwa hela hiyo hiyo ukivizia unapata la mtumba lenye freti za maana. Mimi nilitaka kuunda. Ila kuna faida moja ya kweli: gitaa la mtumba likianza kukwaruza unampelekea fundi, hili langu najua kila kinachokwaruza na kwa nini.

Mfano kukwaruza. Baada ya daraja kukaa sawa, uzi wa tatu ulikuwa unakwaruza kwenye freti ya 6. Unachukua rula fupi ya chuma unaisimamisha kwa ubavu juu ya freti tatu kwa mpigo. Ikiyumba kama kigoda kibovu, ile ya kati imenyanyuka. Yangu ilikuwa ya 7. Niliisugua kwa tupa bapa, nikarudi na msasa, nikapima tena, nikasugua tena. Karatasi ya simenti iliyokunjwa ndiyo ilikuwa kizuizi nisikwaruze mbao. Jumamosi nzima ilienda kwenye robo ya milimita.

Mkazi wa Kondele

Wadau, mimi niko Kisumu. Huku mninga si rahisi lakini cypress iko kila yadi ya mbao, na ni bei ya chini. Je, hiyo inaweza kufanya kazi? Nataka kuunda la benga, solo.

Chaki na Ubao

Ndugu wa Kisumu, mbao za jamii hiyo zina heshima. Wahispania magitaa ya flamenko wanatengeneza mgongo na mbavu kwa cypress ya kwao, kwa sababu ni nyepesi na sauti inatoka haraka. Kwa mwili wa gitaa la umeme itakaa vizuri. Kwa shingo ningeogopa, ni laini. Tafuta mbao ngumu iliyokwisha kufanya kazi nyingine, kama alivyofanya mwenzetu: fremu ya mlango wa zamani, mguu wa meza, chochote kisichokuwa na fundo.

Mtoto wa Katanga

Bandugu jambo. Miye niko Lubumbashi. Huku kwetu batoto banaanzaka na bidoni ya mafuta, shingo ya mbao, na kamba ya kuvulia samaki. Wengine wanafungua waya wa breki ya baiskeli, wanachukua nyuzi za ndani. Inalia! Siyo vizuri sana, lakini mkono unajifunza. Kumbukeni Jean Bosco Mwenda, mupiga gitaa wetu, Hugh Tracey, ule mukusanya miziki, alimurekodi mwaka 1952 pale Jadotville, ile leo tunaita Likasi. Na Kiswahili chetu ndicho kiliimba mule. Mwenye hana pesa ya pikapu aanze na bidoni.

Mfumbati (mleta uzi)

Mtoto wa Katanga, nimekuelewa sana. Ila waya wa breki kwenye gitaa hili sikushauri. Ule mmoja mmoja ni mgumu, hauna kipimo kinachofanana, na ukikatika unaruka usoni. Kwa bidoni inayovutwa kidogo sawa. Kwa urefu wa mm 643 nunua nyuzi. Hapa ndipo msimamo wangu: mbao okota, mfupa omba, spoku omba, lakini nyuzi na funguo usizifanyie ubahili. Mara ya kwanza nilifunga funguo za gitaa la mtoto, za plastiki. Unatyuni, unapiga mistari miwili, limeshuka. Utadhani mbao ndiyo mbovu kumbe ufunguo unateleza.

Nyuzi Sita

Pikapu je? Nimesikia mtu anaweza kusuka mwenyewe.

Mfumbati (mleta uzi)

Unaweza, lakini jua unachokiingia. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, kama mm 0.06, na unazungushwa mara elfu saba hadi nane kuzunguka sumaku. Nilijaribu kwa cherehani, waya nimeung'oa kwenye rilei (swichi za sumaku) za zamani. Kwenye mzunguko wa elfu mbili hivi ukakatika, na mahali ulipokatikia huoni kwa macho. Hata Brian May alisuka zake mwanzoni, baadaye akanunua za kampuni ya Burns. Nikaona kama mtu aliyeunda gitaa zima na baba yake alikubali kununua, mimi ni nani.

Njia ya bei ya chini kabisa ni pizo, kile kisahani cha shaba kinacholia kwenye alamu na vidude vya kuchezea. Unakigundisha chini ya daraja, unaunga nyaya mbili kwenye tundu la waya, basi. Sauti yake ni kavu, na ukigusa mwili wa gitaa inaingia kwenye spika kama mtu anabisha hodi, lakini inatosha kujua kama gitaa lako lina uhai kabla hujatoa hela ya pikapu.

Halafu kitu wanachosahau wengi: unga waya kutoka kwenye chuma cha daraja hadi upande wa ardhi wa tundu. Mimi nilisahau. Spika ikawa inavuma kama friji, nishike nyuzi nisishike, inavuma vilevile. Nikadhani ni pikapu. Waya mmoja wa sentimita kumi na tano ulimaliza kesi. Na spika yako hakikisha imefungwa na fundi umeme anayejua kazi, maana nyuzi ni chuma na wewe ndiye umezishika.

Kikombe cha Kahawa

Picha bado tunasubiri. Au kitanda bado kina mtu?

Mfumbati (mleta uzi)

Hahaha. Picha nitaweka mchana, taa ya ndani inalionyesha kama mwiko.

Kwa haki nitaje na ubaya wake. Kwanza, lile bomba la chuma limefanya shingo nzito na paini ni nyepesi, kwa hiyo ukivaa mkanda ukaachia mkono kichwa kinadondoka chini. Nimehamisha kitufe cha mkanda hadi ncha ya pembe ya juu, kimepungua, hakijaisha. Pili, spoku za mviringo ni nene kwa vidole, ukiteleza unasikia kila moja. Tatu, vanishi nilipaka siku ya mvua, imekuwa na ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Naambiwa nisugue nirudie jua likiwaka.

Chaki na Ubao

Bomba la mm 10 la kuta nyembamba lingetosha, wewe naona umeweka la kuta nene. Kwenye la pili pima uzito kwanza kabla ya kuzika. Ukishamimina epoksi huna mjadala.

Mkazi wa Kondele

La pili? Kumbe kuna la pili?

Mfumbati (mleta uzi)

Mfumbati ulikuwa mmoja tu uliotumika, kaka. Jana nilimpigia bibi simu nikamchezea mistari miwili. Akasikiliza kimya hadi mwisho, kisha akauliza kama huo mfumbati mwingine bado uko stoo, maana kuna fundi kamwahidi kumtengenezea benchi la kukalia nje.

Naondoka Ijumaa usiku kwa basi la Tabora. Tukubaliane tu nisifike baada ya fundi.